Kebo Iliyokatika Mto Ramisi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Msambweni, kabla sijaonyeshwa pa kutundika kanzu yangu, Fundi Mkuu alinipa spana mbili akaniambia nichague moja. Alikuwa Kalasinga mrefu, mwenye ndevu alizozifunga kwa wavu mwembamba zisiingie kwenye mashine. Hakuniuliza nimetoka wapi. Spana zote mbili zilikuwa mpya na zinang'aa. Mimi, kijana wa Mkongani niliyezoea jembe na kutengeneza baiskeli, nilichukua ile nzito.

Akaninyang'anya. Akaitundika kwa uzi, akaigonga kwa nyundo ndogo. Ikatoa sauti fupi, butu. Akaigonga ya pili, ikalia kama kengele mpaka mafundi wengine wakageuka.

"Uliyochagua ina ufa ndani," akasema. "Ungeikaza kwenye nati ya gurudumu ingekatika, nawe ungepoteza meno. Nani amekufundisha kwamba uzito ndiyo nguvu?"

"Hakuna, Fundi."

"Vizuri. Hakuna cha kukusahaulisha."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, katika miaka ile ya hamsini, kwenye kampuni ya kandarasi iliyokuwa ikitengeneza barabara za Kwale ya kusini. Kampuni yenyewe ilikwisha zamani. Malori yetu yalibeba kifusi na changarawe wakati wa kiangazi. Masika yalipoingia yakageuka kuwa malori ya kuokolea, maana barabara tulizozilaza kwa miezi mingi mvua ilizichimba kwa usiku mmoja, na vikosi vya vibarua vikabaki ng'ambo ya mito bila unga wala mafuta.

Vijana wa leo husikia mlio wa mtambo wakapeleka gari kwa fundi. Sisi tulilipapasa gari kama ng'ombe wa maziwa. Kiangazi adui yetu alikuwa vumbi: kichujio cha hewa tulikifungua kila jioni, tukakiosha kwa mafuta ya taa. Masika adui alikuwa maji. Tulichomoa kizibo cha difu, lile bupu la chuma kati ya magurudumu ya nyuma, tukachovya kidole. Mafuta yakitoka meusi, gari liendelee na safari. Yakitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari halitoki uani. Breki vilevile: lori likishavuka maji, dereva alitakiwa kukanyaga breki polepole akiwa anakwenda, ngoma zikaushwe na joto, kabla hajakutana na mteremko.

Zana za nje nazo zilichaguliwa. Mpini wa sururu tuliuangalia kama mshipa wa mti unafuata urefu wake, maana ukikata upande hupasuka mvua inapouloanisha. Jeki tuliihesabu meno yake kwa ukucha. Na kebo, ile kamba nene ya nyaya za chuma zilizosokotwa kuzunguka utambi wa katani, tuliipaka grisi kila Jumamosi. Amri hiyo ilitoka kwa bwana Injinia mwenyewe, Mzungu mkimya aliyesimamia kazi yote ya kusini. Alisema hewa ya bahari inakula chuma, basi kifunikwe. Kebo zetu zilikuwa nyeusi, laini, zinapendeza. Nilijivunia kuzipaka.

Dereva aliyekuwa karibu nami kuliko wote alikuwa Bakari Mwatsuma wa Diani. Alinizidi umri, nami nilimwamkia shikamoo kila asubuhi hata tulipokuwa tunakula sahani moja. Alikuwa mtu wa mzaha mwingi na mwendo mdogo. Hakuna lori lililokaa muda mrefu bila kuharibika kama lake.

Masika moja Bakari alikuwa ng'ambo ya Ramisi, huko juu ndani ya bara, ambako mto ulivukwa kwa sakafu ya zege iliyolala chini na maji kupita juu yake. Alikuwa anarudi na mapipa matupu ili achukue dizeli, kwa kuwa kikosi cha huko kilikuwa kimebakiwa na kidogo sana. Maji yalikuwa yamepanda. Fundi Mkuu nami tulikuwa upande wa huku na tingatinga lenye winchi, ngoma ya kukunjia kebo. Kazi yetu ilikuwa kumvuta.

Tulimvushia Bakari kebo kwa kamba, akaifunga mwenyewe kwenye ndoano ya mbele. Akapanda, akatoa mkono dirishani akanipungia.

"Rashidi! Ukinilowesha nitakufulisha nguo!"

Winchi ikaanza kuvuta. Lori likaingia majini taratibu, maji yakafika kwenye ekseli, yakafika kwenye vibao vya kupandia. Lilikuwa limefika katikati. Nilikuwa namtazama Bakari, sikuwa naitazama kebo, na kwa hiyo nilichokiona kwanza ni uso wake ukibadilika. Ndipo nikasikia mlio kama wa bunduki. Kipande cha kebo kilipita juu ya vichwa vyetu kikipiga filimbi, kikakata tawi la mkwaju nyuma yetu. Lori likageuka ubavu. Likalala. Mapipa yakamwagika mtoni yakigongana. Halafu palikuwa na maji mekundu tu, yanakwenda.

Fundi Mkuu alipiga kelele kwa lugha yake ya nyumbani. Tulikimbia ukingoni tukishuka na mto mpaka miiba na matope vikatuzuia, tukarudi, tukashuka tena. Siku zilizofuata watu walitafuta kwa fimbo na kwa kamba. Lori lilionekana limekwama chini ya maji, mlango uko wazi, ndani hamna mtu.

Mimi ndiye niliyetumwa Diani kumwambia mkewe, Mwanamisi. Nilimkuta anatwanga. Nilipomaliza kusema, aliuweka mchi chini polepole, kana kwamba mtoto amelala karibu.

"Leo asubuhi nimemfulia koti lake," akasema.

Mwalimu wa msikiti alisitasita kwa kuwa hapakuwa na maiti, lakini mto wote ulikuwa umetafutwa na wazee wa ukoo waliona hakuna tumaini. Tukamsalia sala ya ghaibu, tukasoma hitima. Mwanamisi akaingia eda.

Haikupita wiki mbili. Mchana mweupe, nikiwa nimelala chini ya lori naosha springi, niliona magurudumu ya baiskeli yakiingia uani, na kando yake mguu mmoja uliofungwa vijiti. Sauti ikasema, "Huyo aliye chini ni Rashidi? Mwambie atoke, shikamoo yangu sijaipata siku nyingi."

Nitasema kweli, sikutoka. Nilitambaa upande wa pili nikakimbia. Nilikimbia mpaka kwenye ua wa michongoma, nikasimama huko nikisoma kila aya niliyojua na nyingine nikizichanganya. Mafundi walitawanyika, mmoja akaangusha betri mguuni pake mwenyewe. Ni Fundi Mkuu peke yake aliyemwendea. Akamshika mashavu kwa mikono yake yote miwili yenye grisi, akamtazama, kisha akakaa chini vumbini kama mtu aliyekatwa miguu.

Bakari alikuwa amekaa kwenye keria ya baiskeli, amekonda, macho yamemtoka. Mwenye baiskeli, mzee wa Bodo, kule mto unakoingia baharini, ndiye aliyetueleza. Wanawake waliokwenda kuchokoa chaza walimkuta amebanwa kati ya mizizi ya mikoko, mkono umekumbatia pipa tupu. Walidhani amekufa. Walipomvuta akapiga kelele kwa ajili ya mguu. Homa ikamchukua, akawa anaweweseka bila kujitaja jina, nao watu wa Bodo wakamwuguza kama wa kwao mpaka akili ikamrudia.

Tulimpeleka hospitali. Mwanamisi aliletwa na kaka yake, bado amevaa nguo za eda. Alisimama mlangoni mwa wodi muda mrefu.

"Bakari," akasema mwishowe, sauti haina nguvu, "nguo zako nimeshazigawa."

"Zote?"

"Zote."

"Hata koti la kaki?"

"Hata koti."

Bakari alicheka, akaanza kulia katikati ya kicheko. Mwanamisi alivua kiatu, akampiga nacho begani mara moja, kwa nguvu, halafu akaanguka juu ya kitanda na hakuna aliyeweza kumwinua.

Ningefurahi kama habari ingeishia hapo. Lakini bwana Injinia alikuja karakana akataka kuiona kebo. Tulimletea kipande kilichobaki. Kwa nje kilikuwa cheusi, laini, hakina waya hata mmoja uliochomoza. Akakigeuzageuza.

"Kebo hii ni nzima," akasema. "Kwa nini imekatika?"

Fundi Mkuu alikibana kipande kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akaingiza msumari mnene kati ya nyuzi, akasokota kinyume. Kebo ikafunguka. Kutoka ndani ukamwagika unga mwekundu wa kutu juu ya meza, laini kama pilipili iliyosagwa. Utambi wa katani haukuwapo. Umeoza wote.

"Leta nyingine," akasema Fundi Mkuu.

Nikaleta kutoka stoo ile tuliyoitumia kuvusha vibarua wiki iliyotangulia. Unga mwekundu. Nikaleta iliyovuta tingatinga kutoka korongoni. Unga mwekundu. Sehemu nyingine waya zilikatika kwa vidole vyake. Kebo baada ya kebo zilifunguliwa pale mezani, na kwa kila moja kulikuwa na mtu aliyekumbuka siku maisha yake yaliponing'inia juu yake. Vibarua walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja alisema, "Mimi nilivuka na hiyo, na wenzangu wote nyuma ya lori," kisha akatoka nje, nikamsikia akitapika.

Sababu ilijitokeza tulipoanza kuulizana. Jumamosi ilipofika tulipaka grisi, kebo iwe kavu, iwe imetoka mtoni. Grisi ilizuia hewa ya bahari isiingie, na ikazuia maji yaliyomo ndani yasitoke. Kila Jumamosi tuliyafungia maji humo. Hatukuwa na shaka, kwa kuwa nje kulipendeza.

Bwana Injinia alivua kofia. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Nani alitoa amri ya kupaka?" aliuliza, na kabla hatujatafuta jibu la adabu akajijibu. "Mimi."

Akaushika ule unga kwa vidole, akauangalia. Nilikuwa sijawahi kusikia mkubwa wa kazi akijitaja kuwa mwenye kosa. Nilishtuka kwa hilo karibu sawa na nilivyoshtuka mtoni.

Tangu hapo kebo zetu zilioshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikatundikwa kivulini mpaka zikakauka kabisa, zikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto ili yapenye hadi moyoni, na kila mwanzo wa masika zilifunguliwa kwa msumari mbele ya dereva atakayevutwa nazo. Dereva ndiye aliyeamua. Akisema hapana, ni hapana, hata bwana Injinia asimame pale. Utaratibu huo niliuchukua nilipohamishiwa Kinango, chini ya msimamizi mkali aliyeona napoteza muda, na baadaye Kwale mjini, ambako mimi mwenyewe niliitwa Fundi Mkuu. Wengi walinicheka. Nami nilicheka nao, nikaendelea kufungua.

Bakari hakuendesha tena, kwa kuwa mguu ulibaki mfupi. Aliwekwa stoo, akawa mtu wa kuogopwa na kila muuza vyuma aliyetoka Mombasa.

Sasa nimestaafu muda mrefu, mikono imekakamaa, na ninaposikia kitu kikikatika ghafla, hata kamba ya kuanikia nguo, moyo husimama kidogo kabla ya kuendelea. Sidhani mshtuko huo utaniacha.

Mwaka uliopita mtoto wa Bakari, mtu mzima mwenye mvi, alikuja kwangu asubuhi. "Shikamoo, ami. Baba ametutoka."

"Nani amemwona?" nikauliza.

Alinitazama kwa mshangao. Niliona aibu, lakini sikuweza kulirudisha neno. Nikavaa viatu tukaenda Diani. Watu waliokaa barazani waliniamkia, nikawapita. Niliingia chumbani. Mwanamisi, mkongwe sasa, alikuwa amekaa karibu na kitanda, mkono wake umelala juu ya shuka.

Hakuniuliza kwa nini nimeingia kwa haraka vile. Alilifunua shuka usoni, akanipisha nitazame.

"Kaa, Rashidi," akasema. "Mara hii ni kweli."