Mtutu Mwembamba wa Meinrad

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Hapana, nimekosea: ilikuwa sabini na tisa, maana sabini na nane kiangazi chote nililala kwa watawa upande wa pili wa mlima, mguu umevunjika, nanyweshwa supu ya shayiri. Sabini na tisa ndipo niliporudi kijijini Hinterbüel na jiwe langu la kunolea visu, na Meinrad Zgraggen akanipa kitanda juu ya ghala la jibini kama kawaida yake.

Meinrad alikuwa mtengeneza jibini. Kila asubuhi alishuka kwenye ghala la chini ya ardhi, akashika jibini moja moja, akalipangusa kwa maji ya chumvi, akaligeuza. Jibini la kule si la kuweka mfukoni. Ni duara kubwa, uzito wake kama mtoto wa miaka mitano aliyegoma kutembea. Ukigeuza madude hayo miaka thelathini na nane, kifundo cha mkono kinakudai. Chake cha kulia kilikuwa kimevimba kama kiazi. Lakini alikuwa akiimba huko chini, kwa sauti mbaya kabisa, na mkewe Agatha alikuwa akimjibu kutoka jikoni kwa kugonga sufuria.

Ujana wake alikuwa mgavi wa chakula jeshini. Walipomstaafisha walimwachia bastola yake, ndivyo desturi ilivyo, naye akaiweka kwenye kabati la vitambaa vya meza. Haikutoka humo ila kwa mazoezi na kwa Jumapili moja ya Agosti, siku ya shabaha ya kijiji. Siku hiyo mtu hupiga risasi kumi, hatua hamsini. Akifikisha alama themanini na tano anapewa jani dogo la fedha la kubandika kifuani. Na akilipata jani hilo miaka ishirini na mitano mfululizo, bila kukosa hata mmoja, jina lake linachongwa kwenye boriti ya nyumba ya shabaha. Boriti ilikuwa na majina mawili, wote marehemu. Meinrad alikuwa na majani ishirini na manne.

Jani la ishirini na nne alilipata kwa themanini na tano kamili, na jioni ile alishindwa kuinua kijiko. Bastola ile ilikuwa na risasi nene za jeshi. Kila ukipiga, inarudisha teke.

Basi tulikuwa tunakunywa kahawa, wiki tano kabla ya siku yenyewe, akaingia Kaspar. Huyu ni kaka yake Agatha, seremala, na kila mwaka ndiye aliyekaa handakini chini ya shabaha, akionyesha alama kwa fimbo yenye kisahani.

"Shemeji," alisema hata hajakaa, "hiyo yako inapiga teke kama nyumbu. Nunua mpya. Zipo za mashindano, nyepesi, risasi zake nyembamba kama kalamu. Hii ya zamani niachie mimi, nitakulipa vizuri."

"Nilijua," alisema Agatha. "Kaka yangu haji kunywa kahawa bure."

"Dada, mimi namwonea huruma mumeo."

"Huruma yako ina miaka kumi inalichungulia kabati langu."

Kaspar akacheka, akachukua mkate. Meinrad hakucheka. Alikuwa anaufungua na kuufumba mkono wake chini ya meza, nami nilimwona.

Jumatatu tulishuka mjini kwa fundi wa bunduki, mzee Inderbitzin, watatu sisi. Agatha alisema wanaume wawili hawatumwi dukani bila mtu mzima. Fundi akaitazama bastola, akauminya mkono wa Meinrad mpaka mwenyewe akauma meno, kisha akaweka vitu viwili juu ya meza. Upande mmoja bastola mpya inayong'aa. Upande wa pili kisanduku cha mbao, ndani yake mtutu mwembamba, kipande cha juu kinachoteleza, springi, na kibweta cha kutilia risasi.

"Hii mpya," alisema, "ni nyepesi na haina teke. Hiki kisanduku ni cha bastola yako hii hii. Natoa mtutu mnene na hivi vyake, naweka hivi. Mwili unabaki, mpini unabaki, pale unapoweka kidole panabaki. Itakula risasi ndogo, na mkono wako hautasikia kitu. Siku ukitaka, unarudisha vya zamani. Na bei ni nusu ya mpya."

"Sasa mbona kuna watu wananunua mpya?" aliuliza Agatha.

"Kwa sababu mpya ni mpya, mama. Na mtutu wa kubadilisha unataka subira. Hautapiga pale pale ulipopiga ule wa zamani. Lazima ujifunze kuulenga."

Meinrad akainua ile mpya, akainyoosha dirishani, akairudisha polepole.

"Nzuri," alisema. "Lakini ni kama nimemshika mkono mke wa mtu."

"Jaribu uone," alisema Agatha.

Fundi alicheka hadi akavua miwani. Sisi husema mzoea punda hapandi farasi. Meinrad alichukua kisanduku. Kurudi, ndani ya basi, aliimba, abiria wengine wakahamia mbele.

Wiki nne alifanya mazoezi peke yake kwenye machimbo ya mawe, akipiga sahani ya bati iliyopakwa chokaa. Hakutaka mtu aone, hasa Kaspar. Mimi nilibeba sahani. Wiki ya kwanza sahani ilibaki nzima kama imetoka dukani. Wiki ya pili ikaanza kulia *ting!* Wiki ya nne ililia mpaka mbuzi wa jirani wakazoea.

Jumapili ikafika. Meza ya zawadi ilikuwa imejaa: paja la nguruwe la moshini, kengele ya ng'ombe, blanketi, soksi alizofuma Agatha, na jibini zima la Meinrad mwenyewe, maana kila nyumba hutoa kitu. Kaspar akashuka handakini na fimbo yake. Mkuu wa uwanja alikuwa mwalimu Betschart, mtu wa sheria mpaka kwenye kucha. Alikuwa ameisoma sheria na kukubali: risasi ndogo ruksa.

Meinrad akasimama, akapiga ya kwanza. Sauti yake ilikuwa kama mtu amevunja kijiti.

Shabaha ikashuka handakini. Ikapanda. Kaspar akapunga fimbo kushoto na kulia. Maana yake hakuna kitu.

Ya pili. Fimbo kushoto na kulia. Ya tatu, vivyo hivyo. Simu ya handakini ikalia, Betschart akaipokea, sote tukamsikia Kaspar: "Nani anapiga makofi huko? Mwambieni apige risasi!"

Watu wakacheka. Ya nne, hakuna. Ya tano, hakuna. Watu wakaacha kucheka. Meinrad aliiweka bastola mezani, uso mweupe kama siagi.

"Nimeiua," aliniambia taratibu. "Nimeiua bastola yangu kwa mikono yangu."

Nikamwambia ile sahani haikuwa inalia uongo. Hakunisikia. Lakini Agatha alinisikia. Alikuwa nyuma ya meza ya zawadi anafuma, akasimama, soksi ikaanguka.

"Mwalimu, pandisha bendera nyekundu."

"Mama Agatha, utaratibu wa..."

"Pandisha bendera, Betschart, au nashuka bila bendera."

Bendera ikapanda. Betschart akaondoa risasi kwenye bastola mwenyewe, akaiacha wazi mezani, wakashuka wote wawili, nami nyuma yao kwa sababu hakuna aliyenikataza. Kaspar alikuwa amekaa kwenye kigoda, gundi mkononi, karatasi zake nyeusi za kuzibia matundu zimepangwa vizuri.

"Hakuna kitu hapa, dada. Mimi tundu la risasi nalijua. Kidole changu kinaingia."

Agatha alimpita. Aliichomoa shabaha kwenye fremu, akaigeuzia juani. Na pale kwenye weusi, katikati ya viraka vya miaka yote, mwanga ukapenya mahali patano, kama nyota tano ndogo. Akachukua sindano yake ya kufumia, akaipitisha moja moja.

"Hili, Kaspar. Na hili. Na hili. Hesabu na mimi, ulisoma shule."

Betschart akapiga magoti suruali yake ya Jumapili kwenye matope, akapima kwa rula. Arobaini na sita. Hakuna mtu aliyekuwa na tano za kwanza nzuri kama hizo siku ile.

Agatha hakupanda tena. Alibaki handakini na fimbo aliyomnyang'anya kakake. Nilipomfikia Meinrad na kumwambia, alikaa chini kwanza, halafu akasimama, halafu akaomba maji. Kisha akapiga. Nane! Fimbo ikapanda ikicheza, na sauti ya Agatha ikatoka ardhini. Tisa! Saba! Simu ikalia, safari hii Betschart ndiye aliyepiga: "Mama Agatha, kupiga kelele handakini hairuhusiwi!" Nane! Kwa sauti kubwa kuliko ile nane ya kwanza.

Ya mwisho ilihitaji saba kufikisha themanini na tano. Meinrad alishusha mkono mara mbili, akaunyoosha mara ya tatu. Kijiti kikavunjika. Shabaha ikashuka, ikakaa huko muda mrefu sana, nikasikia kengele ya ng'ombe mmoja ng'ambo ya bonde. Halafu ikapanda, na fimbo, na baada ya fimbo akapanda Agatha mwenyewe, akikimbia na sketi mkononi.

"Tisa! Tisa, mzee wangu!"

Mkono ule uliovimba ulimwinua Agatha kutoka chini, na haukuuma, au kama uliuma hakusema. Wenye alama za juu walichagua zawadi kwanza, na zamu yake ilipofika mezani kulikuwa kumebaki soksi za mkewe na jibini lake mwenyewe. Alichukua jibini. Alikata palepale, akagawia wote, akasema ni zuri, aliyelitengeneza lazima ni mtu hodari. Tulicheza mpaka jua likakaa kwenye vilele.

Juma lililofuata Kaspar ndiye aliyechonga jina kwenye boriti, kwa kuwa yeye ndiye seremala. Alichonga herufi kubwa kuliko zile za marehemu wawili, na ndani zaidi, bila kudai chochote. Nilimshikia ngazi. Alipokuwa anapuliza vumbi la mbao kwenye herufi ya mwisho, nikamuuliza. Akanipa patasi akisema imekuwa butu. Niliinoa, nikamrudishia, nikamuuliza tena. Miaka mingine nilipopita nilimuuliza kwenye kahawa, na mara moja kanisani, mpaka alipofariki: Kaspar, matundu matano yanapitisha jua, kweli hukuyaona?