Mzee Rudi Mbele ya Chati

Watu hawakumpenda, tusidanganyane. Kwa miaka ishirini na nane alisimama kwenye chumba namba nne cha ofisi ya leseni, fimbo mkononi, akiwapima madereva macho kwa chati ya herufi ukutani, na neno lake kubwa lilikuwa moja tu: rudi. Rudi mwezi ujao. Rudi na miwani. Rudi kwenu ukalale. Ndiyo maana wakamwita Mzee Rudi, na hawakuwa wakimtania. Mmoja alimwambia uso kwa uso, "Ukifa, mzee, jeneza lako tutaliambia lirudi." Akamjibu bila hata kuinua kichwa, "Wewe hutaliona hata likikupita puani. Anayefuata!"

Alikuwa na ulimi mkali, wala sitamtetea. Lakini hakuna aliyepita pale kwa kujuana. Nje ya geti kulikuwa na wajanja waliowakaririsha watu herufi za chati mstari kwa mstari, na mzee alikuwa na dawa yao. Akishuku mtu amekariri, aliichomoa chati kwenye msumari, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaitundika tena. Mwenye macho alisoma tu. Aliyekariri alibaki kinywa wazi.

Miaka mitatu iliyopita, aliyebaki kinywa wazi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa malori ya safari ndefu. Alisoma mbiombio, fimbo iko mstari wa tatu, mdomo umeshafika wa nne. Mzee akaigeuza chati. Shemeji, jitu zima, akasimama pale midomo ikimcheza, na foleni nzima ikimtazama.

"Shemeji," akanong'ona, "mimi si mtu wa nyumbani?"

"Rudi," akaambiwa.

Arudi wapi? Macho yale hayakuwa ya kutibika kwa miwani. Lori akapewa mwingine, na jioni ile dada mtu akaja kwa kaka yake, asikae hata kidogo. "Umemvua nguo mume wangu hadharani. Unafurahia kuwanyima watu, ndivyo ulivyo. Usikanyage kwangu, kaka. Hata nikifa, usije."

Neno lile la kufurahia lilimkaa kooni miaka yote mitatu. Alijua si kweli. Basi, alijua kwamba si kweli yote.

Kisha ukungu ukaanza, kwanza jicho la kulia. Alilaumu taa, akalaumu vumbi, akamlaumu mfagizi. Siku moja mama mmoja alimaliza kusoma mpaka mstari wa mwisho, mzee akamgongea mhuri, ndipo akashtuka: yeye mwenyewe hakuwa ameona herufi hata moja. Alikuwa akisikiliza tu. Mkono ulijua fimbo iende wapi, masikio yalijua kila herufi na zamu yake. Tangu lini? Huenda mwaka mzima. Na unajua alifanya nini? Alinyamaza. Naam, yeye! Akaita anayefuata.

Mwezi mmoja baadaye ikaja amri kutoka makao makuu: wapimaji wote nao wapimwe macho, milango ikiwa wazi, asiyeona aondoke. Tangazo likabandikwa ukutani, tarehe na saa. Mji mzima ukajua kwamba Mzee Rudi naye atasimama mstarini. Watu walifurahi mno.

Asubuhi ya siku yenyewe mkuu wa ofisi alimwita pembeni. Huyu mama alifundishwa kazi na mzee, na aliwahi kuandikiwa barua ya onyo kwa sababu mzee alimshtaki: alimpitisha mjomba wake asiyeona hata ng'ombe mbele yake. Alikuwa hajasahau.

"Nimekuona unavyopapasa meza," akamwambia. "Usihangaike. Chati unaijua kuliko jina la mama yako. Soma kama kawaida, umalizie mwaka wako mmoja na nusu, ustaafu kwa heshima. Ila kuanzia leo nikikuletea mtu wangu, umpitishe. Tumeelewana?"

 Mzee akaenda kusimama kwenye mstari mweupe wa wanaopimwa.

Benchi zilijaa. Karibu na mlango aliketi mtu mwenye miwani myeusi, ameshikwa mkono na mwanamke. Mzee hakuwatambua mpaka shemeji alipopaza sauti. "Sikuja kukusalimia. Nimekuja kusikiliza."

Mkuu akainua fimbo. Mzee akaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, herufi zikamtoka laini kama sala. Mkuu akatabasamu. Na hapo, katika ukimya wa chumba, mzee akajisikia mwenyewe: anakwenda mbiombio, ametangulia mbele ya mlio wa fimbo. Alishawahi kuusikia usomaji huo. Kule kwenye benchi shemeji alicheka kidogo, puani.

Mzee akakoma.

"Igeuze," akasema.

"Nini tena?"

"Chati. Igeuze."

"Mzee, maliza uende zako," mkuu akasema huku ameuma meno.

Basi akaenda mwenyewe. Akapapasa ukuta, akaukuta msumari, akaichomoa chati, akaigeuza kichwa chini, akarudi mstarini. Fimbo ikagonga herufi. Akakodoa macho mpaka yakatoa machozi. Palikuwa na weupe tu.

"Sioni," akasema. "Andika hivyo. Na wote niliowapima mwaka huu waitwe wapimwe upya."

Chumba kikalipuka. Walicheka, walizomea, mmoja akapiga kelele, "Rudi, mzee, rudi!" Na wale waliopimwa mwaka ule wakaanza kumtukana kwa hasira ya kweli. Mkuu akanyoosha mkono. "Funguo za mlango wa nyuma." Akampa.

Ikabidi atokee mlango wa mbele, wa wateja, ambao hakuwa ameutumia tangu aajiriwe. Shemeji alikuwa amesimama barazani.

"Miaka mitatu," shemeji akasema, "nilikuwa najiambia wewe ni mnafiki. Ungekuwa mimi, ungesoma mpaka mwisho. Nilikuwa nalala na hilo. Leo umeninyang'anya hata hilo." Akatema mate chini. "Sijakusamehe."

"Sijakuomba," mzee akajibu.

Akatia mguu mbele na ngazi haikuwepo pale alipodhani. Mkono ukamdaka kwenye kola, kwa ukali, karibu kumkaba. Alikuwa dada yake, mkono mwingine ukiwa bado umemshika mumewe.

"Ngazi, wewe!" akamkaripia. "Ziko nne. Shusha mguu. Shusha, nimekushika."

Akawashusha wote wawili, mmoja kila upande. Walipofika barabarani hakuiachia kola ya kaka yake mpaka mlangoni kwake yeye dada, kule alikomkataza kukanyaga.