Jarida la Wagika na Wagalu

Jarida la muziki alilohariri Prudencia pale Kirumba alilionea fahari kuliko kitu chochote. Mwenye jarida, Bwana Ponsian, alitaka liandike habari za wasanii wa Dar tu, ili vijana wanunue. Vijana wenyewe kila kitu walishakiona kwenye simu, nakala zikawa zinarudi na kamba zake. Mzee akachoka: toleo lijalo likirudi, jarida linafungwa.

"Hilo niachie mimi," Prudencia alisema. "Nitawaandikia wapenzi wa ngoma za Kisukuma."

"Wale? Wale wanasoma nini?"

Prudencia, Mhaya wa watu asiyeyajua ya Wasukuma, akaweka kwenye jalada waimbaji wakuu wawili, Shimba wa Wagika na Luhende wa Wagalu, bega kwa bega. Vyama hivyo vya ngoma vina upinzani wa tangu enzi za mababu! Alipoionyesha nakala ya kwanza sokoni Mwaloni, Mama Selina, muuza dagaa, aliisukuma kando.

"Mwanangu, mimi Mgalu. Huyo Shimba nikimpeleka kwangu atalala wapi?"

Na Mgika wa meza ya pili naye akaikataa, kwa ajili ya Luhende.

Prudencia alirudi ofisini akaligawa toleo: Wagika na lao, Wagalu na lao, jalada lao na nyimbo zao.

Siku ya mashindano, Kisesa, vyama vyote viwili vilipiga ngoma kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Mshindi huwa aliyevuta watu wengi. Prudencia akaweka meza katikati. Kila upande ulinunua la kwake, kisha watu wakaanza kurudi kwa aibu kidogo.

"Nipe na lao, nione wanajisifia nini."

Wasiojua kusoma walisomewa kwa sauti. Ubishi ukapamba moto, vicheko navyo. Meza ikabaki tupu kabisa, na watu hawakuondoka pale kurudi kwenye ngoma. Prudencia alivimba kwa fahari siku hiyo.

Mara Luhende mwenyewe akaja, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti, ondoka hapo katikati! Shimba tunammudu. Wewe ndiye uliyetumalizia watu!"

Prudencia akampigia simu Bwana Ponsian, akaielekeza kwa Luhende.

"Baba, hebu rudia, bosi wangu asikie."