Zulma Berrutti na Alama za Huzuni

Zulma Berrutti alikuwa mwanasaikolojia pekee katika zahanati ya Paso Hondo, mji mdogo wa Uruguai ambao watu wake hulalamika taratibu, kibuyu cha chai ya yerba mkononi. Siku moja bosi wake, Daktari Etcheverry, alirudi kutoka mkutanoni Montevideo na maswali tisa ya kupimia sonona, ule ugonjwa wa huzuni. Kila jibu lilikuwa na alama zake.

"Mgonjwa ni nani, anayefikisha ngapi?" Zulma aliuliza.

"Tano. Bora tumshike mzima kuliko kumwacha mgonjwa."

Mvua ilikuwa haijakatika na timu ya mji ilikuwa imeshuka daraja. Nusu ya mji ikavuka tano. Watu wakawa wanatambiana kwenye karata.

"Mie nina kumi na moja. Wewe je?"

"Sita."

"Basi tulia, shoga, hujui shida."

Irma mwoka mikate, mcheshi tangu utotoni, alipoambiwa ana sonona kidogo alifunga duka ili aiugue vizuri. Mji ukakosa mikate, na alama zikapanda.

Foleni ya kumwona Zulma ikawa ya miezi. Ndani yake alikuwamo Nepomuceno Silveira, mkata manyoya ya kondoo, mwenye alama kumi na tisa. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima akisikiliza watu wakigombea nani ana huzuni zaidi, kisha akainuka.

"Wagonjwa ni hawa," alimwambia Zulma mlangoni. "Mie najisumbua tu."

Malalamiko ya foleni yalipofika makao makuu ya afya, daktari akapandisha kiwango hadi ishirini. Sonona ikaisha Paso Hondo kwa siku moja. Meya akachoma kondoo kusherehekea.

"Na Silveira?" Zulma alimuuliza daktari, sahani mkononi.

"Kumi na tisa? Huyo kapona."

Zulma akaiweka sahani chini, akaenda kwa Silveira. Alimkuta kakaa kwenye banda baridi, moto haujawashwa, mbwa wamekonda.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Kwa hesabu za zahanati wewe ni mzima."

Silveira akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio kirefu. Zulma akawasha moto. Tangu siku hiyo alimtibu, iwe kwa ruhusa au bila ruhusa.

Kisha akamrudia bosi wake. "Tuweke kumi, na kila anayefika nizungumze naye kwanza kabla hatujamwita mgonjwa."

"Kwa nini kumi? Sayansi inasemaje?"

"Sayansi inasema ukishusha utawatia hofu wazima, ukipandisha utawaacha wagonjwa. Kumi ni kwa sababu niko peke yangu. Niletee mwenzangu, nitashusha hadi nane."

Kiwango kikawa kumi, ila mwenzake hakuletwa. Silveira alirudi kwenye kondoo wake majira ya kiangazi. Lakini mwalimu Olinda, aliyepata tisa, aliacha kazi kimyakimya na kuhama, na hakuna aliyejua alikokwenda. Zulma alimwandikia barua mbili. Hakujibiwa.