Jaketi Alilovaa Mama Kuja Machakos

Wanaonisaidia kugawa nguo hapa mjini husema nina maringo kuliko bibi harusi. Tukifungua bunda la mitumba sokoni nachambua mpaka muuzaji ananuna. Nachukua sweta la kahawia, koti la mistari, shati zito la bluu, na nikiona mawili yanafanana, moja narudisha. Watu wanalala nje kwenye baridi, wananiambia, na wewe unachagua rangi? Huwa nawanyamazisha kwa ukali, kwa sababu nikijibu itabidi nieleze habari ya jaketi la kijani. Habari hiyo hunifanya nitazame chini hata nikiwa peke yangu jikoni.

Nilikuwa nashona kwenye kiwanda kimoja huko EPZ, eneo la viwanda vya nguo za kuuzwa ng'ambo, Athi River. Kazi ilipopungua tuliambiwa twende nyumbani tusubiri kuitwa. Nilisubiri mpaka mwenye nyumba akaweka kufuli lake juu ya langu. Kurudi Kivaa kwa mama sikuweza. Mama alikuwa ameitangaza kazi yangu kanisa zima, na kila harambee alisimama akasema mtoto wake yuko kiwandani. Nikaja Machakos nikidhani nitapata cherehani ya kukodi. Nilichopata ni kuosha vyombo kwenye hoteli ndogo karibu na soko, na varanda ya duka la vitambaa la mzee mmoja Msomali, ambaye aliniona nikijikunja pale na hakuniuliza kitu.

Alfajiri nilifagia varanda, nikanawa uso kwenye bomba la soko, nikajipaka mafuta, nikaingia kazini kama mtu aliyetoka kwake. Mwenye hoteli hakujua ninalala wapi. Mama naye akipiga simu nilimwambia kazi inaendelea vizuri, ila mashine zina kelele, tuongee jioni.

Kisha ikaja baridi ya Julai, na akina mama wa kanisa moja la mjini wakatuletea majaketi sisi tuliolala kwenye varanda za maduka. Yalikuwa mapya, mazito, mazuri kabisa, mzigo ambao mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameukataa. Yote yalikuwa ya kijani, kijani kile cha kuumiza macho. Tulipanga foleni, tukavaa, wakatuambia tumependeza. Kweli tulipendeza, kama kwaya. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwaya huonekana kutoka mbali.

Kabla ya hapo, mtu wa varanda aliweza kusimama mchana mbele ya duka kama yeyote anayemngojea mwenzake. Baada ya majaketi, mji mzima ulitujua. Walinzi waliowekwa na wenye majengo hawakuwa na haja ya kumuuliza mtu lolote. Walituita watu wa kijani, na walipoamua kutuondoa walitukusanya kwa macho tu. Mimi nilijifanya mjanja. Jaketi nililivaa usiku, mchana nikalificha ndani ya gunia la mkaa nyuma ya hoteli, na wenzangu walipopita wakifukuzwa nilisugua sufuria bila kuinua kichwa.

Desemba ikafika. Kwetu Ukambani haiwezekani uende Krismasi mikono mitupu, hasa wewe unayejulikana una kazi. Sikuwa na kitu. Nikalifua lile jaketi, nikalianika, nikalikunja vizuri, na nilipofika Kivaa nikampa mama na kumwambia nimemshonea kwa mikono yangu. Uongo ule ulitoka laini kuliko ukweli wowote niliowahi kusema. Mama alipapasa mishono polepole, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akasema "mwiitu wakwa", mtoto wangu wa kike, basi. Jua la Kivaa halitaki jaketi, lakini alilivaa kanisani, jasho likimtiririka, akaonyesha kila mtu kola. Nilikaa kando yake nikaimba kwa sauti kubwa.

Mwaka uliofuata, tena wakati wa baridi, nilikuwa nimetoka na beseni la maganda ya viazi niliposikia kelele ng'ambo ya barabara. Walinzi walikuwa wanawaondoa watu kwenye varanda. Niliwaona wale wa kijani wakiokota mablanketi yao, na katikati yao nikaona kitambaa cha kichwa ninachokijua tangu utotoni.

Mama alikuwa amekuja hospitali kuonyesha macho. Daktari alikuwa hajafika, kwa hiyo akatafuta mahali pa kuketi, na kwa kuwa kila mtu humwambia Machakos kuna baridi, alikuwa amevaa nguo yake bora. Mimi hakuniambia anakuja. Hakutaka kunisumbua kazini.

Mlinzi alikuwa ameshika kiondo chake. Mama hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Kijana, mimi si wa hapa. Nimekuja hosipitali."

"Mama, hiyo nguo tunaijua. Enda na wenzako."

"Hii nguo ilishonwa na mtoto wangu," mama akasema. "Ako na kazi Athi River, kwa kiwanda."

Mlinzi alicheka. Wale waliovaa kijani, ambao walijua jaketi lile limetoka wapi kama nilivyojua mimi, hawakucheka. Waligeuza nyuso zao pembeni, na mmoja, aliyenitambua kule nilikosimama, akanitazama kidogo kisha akatazama chini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Miguu yangu ilitaka kurudi jikoni. Mwenye hoteli alikuwa mlangoni nyuma yangu, na nilijua nikivuka ile barabara nitapoteza kazi na nyumbani kwa mpigo mmoja. Nilianza hata kujiambia kwamba watamwachilia mbele kidogo, kwamba mama ni mtu mzima. Ndipo mlinzi alipovuta kiondo, kikapinduka, na mbaazi zikamwagika. Alikuwa amezimenya, na baadaye nilijua alitaka kunitumia Athi River. Mama alipiga magoti akaanza kuziokota, akipapasa saruji kwa viganja kwa sababu hakuziona.

Niliweka beseni chini, nikavuka.

"Mwachilie," nikasema. "Huyo ni mama yangu. Hilo jaketi ni langu, nilipewa hapa hapa. Mimi ndiye nalala hapa."

Mama aliinua uso akaufuata mlio wa sauti yangu.

"Si uko Athi River?"

"Hapana, mwaitu. Nilitoka kitambo."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Mlinzi alikirudisha kiondo chini polepole. Watu wa kijani wakainama wakatusaidia kuokota mbaazi. Mama akaniomba nimwonyeshe ninapolala hasa. Nikampeleka kwenye kona karibu na mlango wa bati. Akaketi, akapapasa saruji, akaegemeza mgongo ukutani kama anayejaribu kiti, akakaa pale mpaka nikamkumbusha daktari.

Mwenye hoteli aliniambia kesho yake kwamba wateja hawatapenda, nisirudi kazini. Sikumlaumu. Sikuwa tena na cha kuficha, na labda ndiyo sababu wenye maduka walipoitana kuzungumzia habari ya varanda nilikwenda, yule mzee Msomali akawaomba wanisikilize, nami nikawaambia ninalala wapi na kwa nini. Tulielewana kwamba tutafagia kabla ya maduka kufunguliwa, na walinzi wasiguse mzigo wa mtu. Siku hizi nina chumba na cherehani ya kurekebisha mitumba, na watu wananiita mtetezi. Jina hilo linanichoma. Kwa mwaka mzima wenzangu walifukuzwa mbele ya macho yangu nikisugua sufuria.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Ningependa angenigombeza. Nilimwomba jaketi nilitupe, akakataa. Juzi nilikuwa Kivaa, na tulipotoka kanisani mwanamke mmoja akamshika mkono wa jaketi, akauliza nguo nzuri hivyo inauzwa wapi.

"Haiuzwi," mama akasema. "Ilishonwa na mtoto wangu."

Zamani alisema hivyo kwa sababu aliamini. Sasa anajua, na mama huyu ambaye hata njaa haikuwahi kumfundisha kudanganya, alisimama mlangoni pa kanisa akausema uongo wangu kwa niaba yangu, amenishika mkono kwa nguvu. Yule mwanamke akanisifu. Nikatazama viatu vyangu, nikasema asante.