Babu Hakufika Chita

Jamani, hii nitawasimulia mara moja tu, na mkicheka mcheke taratibu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka bado natafuta pa kuuficha uso. Mama yangu ameshaitangaza kijiji chetu cha Mkula kizima, mpaka muuza vitumbua wa pale barabarani akiniona ananiuliza, "Dada Skola, babu hajambo?" Kwa hiyo bora muipate kwangu mimi niliyeaibika kuliko kwa walioitia chumvi.

Nilikuwa namalizia shahada ya uzamili kwenye chuo kimoja hapa Ifakara, utafiti wangu ni kilimo cha mpunga na mafuriko ya bonde letu, na kwa kutaka kuonekana wa kisasa (kiherehere changu hicho) nikaacha kuandika kwa programu wanayoandikia watu wote nikahamia Lateki. Lateki, kwa msioijua, ni programu ya kupanga chapa ambayo huihangaikii kwa kipanya, unaiandikia amri, nayo inakupangia kurasa zinatoka safi kama kitabu cha dukani. Raha yake kubwa ni marejeo. Kila andiko unalipa jina la siri, jina lolote lile, halafu ukilitaja jina hilo katikati ya maelezo yako, yenyewe inatoa mwandishi na mwaka, msomaji halioni jina lako la siri wala hajui kama lipo. Na kama sura kadhaa zimetoka kwenye kitabu kimoja, unaiambia kila sura mzazi wako ni kitabu fulani, basi inarithi mwaka, mchapishaji na kila kitu, hurudii kuandika.

Sasa mtu akikwambia msomaji haoni, wewe utaandika nini? Mimi niliandika ya moyoni. Makala ya msimamizi wangu, Dakta Anjela, niliipa jina la mama-kalamu-nyekundu. Na ile sura maarufu ya Profesa, mzee anayeheshimika kwa mambo ya mpunga wa bondeni na ambaye kila mtu anamnukuu, niliiita babu-hakufika-chita. Sababu ninayo. Profesa ameandika kwamba wakulima wa Chita, huko bondeni kwetu, wanasubiri mafuriko yapungue ndipo wapande, na mimi nimekaa Chita msimu mzima, nimepanda nao kwa mikono hii, wanapanda mapema ili maji yakifika yakute mpunga umeshasimama. Nilipoisoma ile sura nikasonya, nikasema huyu babu Chita hakufika. Lakini kwenye tasnifu yenyewe, nithubutu? Niliandika "kama Profesa alivyobainisha kwa umahiri mkubwa", nikapita kwa kunyata. Na Profesa huyohuyo ndiye aliyeteuliwa kuja kunitahini, bila sahihi yake hakuna shahada, na bila shahada ile nafasi ya ualimu msaidizi niliyoahidiwa hapo chuoni inakwenda kwa mwingine.

Asubuhi ya kuchapa nakala ndipo nilipojitafutia balaa. Napitia faili la marejeo, naona sura za Profesa ziko juu, kitabu chenyewe, yaani mzazi, kiko chini kabisa. Nikasema hapana, hii si adabu, tangu lini watoto wakajipanga mbele mzazi akabaki nyuma? Nikakihamishia kitabu juu. Nilikuwa natoa heshima, jamani! Kumbe Lateki haikulelewa kwetu. Inasoma kutoka juu kwenda chini, inataka imkute mtoto kwanza, amtaje mzazi wake, ndipo ikimfikia mzazi imtambue. Ikishampita hairudi nyuma kumtafuta. Kufungua kurasa, sura zote za Profesa zimekuwa yatima, hazina kitabu, hazina mwaka, hazina mchapishaji.

Nikampigia Zuberi, mwanafunzi mwenzangu aliyenifundisha hiyo Lateki, ambaye pia kwao wana duka la stesheneri na ndiko nilikokuwa nachapisha.

"Zuberi, nakufa!"

"Hufi bwana, tulia. Washa ile amri ya kuonyesha majina. Kila rejeo litajiandika jina lake la siri kwa herufi ndogo palepale lilipo, utaona nani kampoteza mzazi."

Nikawasha, nikaona, nikamrudisha mzazi chini, watoto wakapata kwao. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikamtumia Zuberi faili hapohapo, nikakimbilia kuoga. Kuizima ile amri, ndugu zangu, wala haikunijia akilini.

Nakala zikafika ukumbini zimejalidiwa, zikagawiwa. Mbele kakaa Profesa, kando yake Dakta Anjela, na nyuma yao mama yangu, katoka Mkula alfajiri kavaa kitenge kipya kuja kumwona mwanawe. Mama Kiingereza hajui, ila Kiswahili anasoma chochote kitakachomkaa mbele ya macho, tena kwa sauti, mabango, mifuko ya saruji, hata kanga za watu migongoni. Basi nikarusha ukurasa ukutani kwa projekta, nikaanza Kiingereza changu cha kubana pua, nikafika pale kwenye umahiri mkubwa wa Profesa. Ukuta mzima ulikuwa Kiingereza, isipokuwa maneno machache madogo.

"Babu... hakufika... Chita," mama akasoma. Kisha akaniuliza kabisa, "Skola, babu yupi huyo? Alikuwa mgonjwa?"

Nikageuka. Jina la siri lipo! Lipo juu ya kila mstari niliomnukuu Profesa, na chini yake kidogo mama-kalamu-nyekundu (Dakta Anjela alikuwa na kalamu nyekundu mkononi, akaishusha polepole mezani). Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Nikabonyeza ukurasa wa pili ili nikwepe, huko ndiko babu alikojaa kuliko mwanzo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na projekta yangu.

Profesa hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akafunua marejeo mwishoni mwa nakala yake, akaweka kidole.

"Binti, babu ni mimi?"

Nilishafungua mdomo kusema kompyuta imeingia virusi, lakini mama alikuwa ananitazama, na mbele ya mama uongo haunitoki.

"Ni wewe, Profesa. Shikamoo." (Msiniulize kwa nini, nilikuwa nimeshamwamkia mlangoni.)

"Marahaba. Nani kakwambia sikufika Chita?"

"Mpunga, Profesa." "Umeandika wanapanda maji yakishapungua. Wanapanda kabla. Maji yakija mpunga uko magotini. Mtu aliyepita kwenye mashamba yale asingeandika vile."

Hapo mimi nikawa nimeshaiaga ile kazi moyoni.

"Nilifika," Profesa akasema. "Nilifika stesheni. Treni ilisimama, nikawauliza watu kupitia dirishani, mara ikaondoka." Hapo akaanza kucheka yeye mwenyewe, kicheko cha kukohoakohoa, mpaka Dakta Anjela akamsogezea maji. "Tangu niandike kitabu hicho watu wananinukuu tu, mwaka nenda mwaka rudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikadhani yameisha. Wapi!

"Ila na wewe una kosa, na kubwa," akasema, sasa hacheki. "Katikati ya ukurasa umeniamkia tu, shikamoo mwanzo mpaka mwisho. Utafiti wako mwenyewe umeuficha kwenye jina la siri. Ningeisoma kazi hii bila haya maneno madogo, ningekufelisha kwa kunikariri."

Nilifaulu, kwa sharti kwamba sura ya tasnifu niliyomnukuu niiandike upya, jina lake nilitaje, nieleze alipokosea na nimejuaje. Dakta Anjela alinipitia mlangoni akaninong'oneza, "Kalamu nyekundu inakusubiri ofisini," na hadi leo hilo ndilo jina analojiita akinipigia simu.

Sentensi ya kumkosoa ilinitesa kuliko tasnifu nzima. Nimelelewa kuinama kabla mkubwa hajanifikia, leo niandike mkubwa kakosea? Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikaiandika kavu: kuhusu Chita, Profesa alikosea. Nilipomtumia nililia, sijui kwa woga au kwa raha.

Kwa hiyo mimi nimekoma. Jina la siri simpi mtu tena, na kama nina neno na mtu naliweka katikati ya ukurasa kwa herufi zinazosomeka, na heshima yake naiweka hapohapo. Msimu ujao wa kupanda nawapeleka Chita wanafunzi wangu wa kwanza. Profesa ameomba tumchukue, amesema safari hii anashuka.