Harusi ya Mrehani Mweusi

Miungu wa nyumbani kwetu waliamka mapema kuliko mimi, na mama hakuchoka kunikumbusha. Muadhini wa msikiti wa nyuma hajamaliza adhana ya alfajiri, mama keshaoga, keshavaa sari safi na keshafungua kabati la ukutani walimolala. Humo alikuwamo Ganesh mwenye mkonga uliobanduka ncha, Lakshmi wa picha iliyokatwa kwenye kalenda, na Krishna wa shaba, mdogo kama kidole gumba, mwenye mto wake, shuka yake na chandarua chake. Sitii chumvi, chandarua kilikuwapo. Mama alisema Unguja ina mbu, na mbu hawachagui.

Aliwaamsha kwa kengele ndogo, akawaogesha, akawapaka liwa ya kunukia, akawavisha, akawapa maziwa yenye sukari. Baada ya hapo ndipo alipokuja kuniamsha mimi, bila kengele.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi Mji Mkongwe kutoka chuo kikuu huko bara, na shahada ya elimu ya mimea, nikingojea serikali igundue kwamba inanihitaji. Serikali haikuwa na haraka. Kwa hiyo nilishinda nyumbani nikitoa maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Chini palikuwa na duka la baba la vitambaa, juu tulikuwa tunaishi sisi na miungu, na nyuma kulikuwa na ua mdogo wenye kisima, kamba ya kuanikia nguo, na madebe mawili yaliyopakwa rangi nyekundu. Kila debe lilikuwa na mrehani.

Mrehani ndivyo walivyouita majirani zetu. Kwa mama ulikuwa Tulsi, mungu wa kike aliyegeuka mti ili akae karibu na watu. Mama aliumwagilia maji asubuhi, akauzunguka, akauwashia taa jioni. Akitaka jani la kutia katika chakula cha Krishna, kwanza alipiga makofi madogo kumwamsha, akamwomba radhi, ndipo akachuma. Baada ya jua kutua hachumi, kwa kuwa Tulsi kalala.

"Mama," nilimwambia siku moja, "huo ni mmea wa jamii ya mnanaa."

"Na wewe ni wa jamii ya nani, mwanangu, hata umeshindwa kutandika kitanda chako?"

Kila mwaka, siku chache baada ya sikukuu ya Diwali, Tulsi huolewa na Krishna. Ni harusi kweli: kuhani, moto, bwana harusi kuja na ngoma, bi harusi kufunikwa shela nyekundu. Mwenye binti ana siku yake ya kumtoa binti huyo kwa mume, na thawabu ya kumtoa ni kubwa mno. Asiyejaliwa binti humlea Tulsi akamwoza, na thawabu ni ile ile. Mama alinizaa mimi peke yangu. Kila akirudi kwenye harusi za watu, alivua bangili zake taratibu, akakaa kitako kitandani. Siku moja baba alimwuliza ana nini.

"Nimemwona mwenzangu akilia mlangoni, binti yake anaondoka," akasema. "Na mimi nataka kulia mlangoni pangu."

Baba alijibu kwamba kulia analia sana tu, hasa akiona hesabu za jikoni. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vitambaa.

Basi mama akapanda mbegu. Ikatoka Tulsi mweusi, wa majani ya zambarau, naye akafurahi, maana Krishna naye ni mweusi. Alimlea kama mtoto wa kunyonya. Upepo ukivuma alimkingia, jua likizidi alimvuta kivulini. Alipokua, mama akapeleka posa. Ndiyo, ilikuwa kinyume, upande wa mke kuposa, lakini mke wa sonara wa mtaa wa pili alikuwa na Krishna mzuri wa fedha na ulimi mkali, na mama alitaka binti yake apate nyumba yenye heshima. Posa ilikubaliwa. Siku ikawekwa.

Sasa nimlete jirani yetu. Alikuwa mama wa Kiunguja, mjane, mnene, mcheshi, mlango wake wa ua unatazama wetu. Yeye na mama waliitana shoga tangu mimi sijaanza skuli. Sikukuu zake, sahani yetu ilikuja na matunda na mkate wa mchele, bila nyama. Sikukuu zetu, mama alimtengea halua yake mapema kabla haijapita mbele ya miungu, akamwambia, "Shoga, hii safi, hajaionja mtu wala mungu." Hawakuwahi kukaa wakajadili mambo haya. Yalipangika yenyewe, kama viatu mlangoni.

Jirani huyu alikuwa fundi wa kupamba maharusi. Wenye kuoza mabinti walimfuata kutoka Ng'ambo yote. Na desturi ya Unguja, panapokuwa na harusi, ni kwamba fundi hupita nyumba kwa nyumba kuomba asumini na mrehani wa kusuka vikuba, vile vishada vya maua na majani ambavyo wanawake hubandika kifuani na kwenye nywele vikanukia ukumbi mzima. Maua ya harusi hayanyimwi. Hata mtu mliyegombana naye hupewa.

Siku ya harusi ya Tulsi ikawa pia ni siku ambayo jirani alikuwa na harusi ya binti wa dada yake, kule Jang'ombe. Mama alikwenda hekaluni asubuhi kumkumbusha kuhani, ambaye alikuwa na sifa ya kusahau. Mimi nilitumwa sokoni kununua miwa minne mirefu ya kutengenezea kibanda cha maharusi. Jirani akapiga hodi dukani.

"Shemeji, nnaomba mrehani."

Baba alikuwa na mteja na futi yake mkononi. "Chuma, shemeji. Mti umejaa. Chuma unachotaka."

Niliporudi na miwa begani nilimkuta mama amesimama katikati ya ua, bado na kandambili za kutokea. Mbele yake palikuwa na vijiti. Tulsi mweusi hakuwa na jani. Pembeni, katika debe la pili, Tulsi wa kijani alikuwa amejaa tele, hakuguswa.

"Nani kamnyoa mwanangu?" akasema mama, polepole. Kisha akalisema tena kwa sauti iliyofika bandarini.

Baba akatoka dukani mbio. Jirani akatoka kwake mbio, sindano na uzi vikining'inia kifuani.

"Shoga, kuna nini? Nimesikia ukelele nikajua shemeji kaanguka ngazi!"

"Afadhali angeanguka," mama akasema. "Tazama."

Jirani akatazama. Akashika kinywa. "Ya Rabi! Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu."

"Mimi nlimwacha bi harusi, shoga! Haki ya Mungu nlimwacha! Nlijua leo ana harusi. Nkamwona yule wa kijani kanona, mweupe mweupe, nkasema huyo ndiye, nsimguse. Nkampigia huyu makofi kama upigavyo wewe, nkamwomba radhi, nkachuma. Nlijuaje mimi? Wenyewe mkitafuta mke mnataka mweupe!"

Hilo lilikuwa kweli.

Mama akakaa kwenye ukingo wa kisima. Kwetu, zama za bibi zangu, mwanamke aliyenyolewa kichwa alikuwa ni aliyefiwa na mumewe. Bi harusi wake alikuwa ameshakuwa mjane kabla ya kuolewa, na jioni mke wa sonara angekuja kufunua shela aone. Angevunja harusi pale pale uani, na kesho yake mji mzima ungekuwa na habari.

Baba akajaribu kusaidia. "Si aolewe huyo wa kijani? Naye Tulsi."

"Huyo wa kijani tulipewa tawi na nani?"

Baba akafikiri. Tawi lilitoka kwa mke wa sonara.

"Basi unataka kumwoza dada kwa kaka yake," mama akasema. "Rudi dukani."

Hapo nikaona zamu ya elimu imefika. Nikaeleza kwamba mmea wa aina hii ukikatwa majani huchipua kwa wingi zaidi, kwa hiyo, kwa kutazama mbali, jambo lililotokea lilikuwa na faida.

"Utachipua lini, mwanangu?" akauliza jirani kwa upole.

"Baada ya wiki chache."

"Bwana harusi anakuja magharibi."

Nikaenda kusimamisha miwa.

Jirani aliingia kwake. Tukasikia akizozana na wanawake wenziwe waliokuwa wakisuka, mmoja akilalamika, "Na sisi tutavaa nini huko Jang'ombe?" na yeye akijibu, "Vaeni asumini! Vaeni vilua! Mmeumbwa na mrehani nyinyi?" Kisha akatoka na sinia limefunikwa kanga. Akalifunua mbele ya mama. Vilikuwa vikuba, vimeshasukwa, majani ya zambarau katikati ya asumini nyeupe.

"Nywele za mwanao hizi hapa, shoga. Zote."

Mama akamtazama, akatazama sinia.

"Ibada yenu mimi simo, na wewe unajua," jirani akaendelea. "Lakini kupamba bi harusi ni kazi yangu. Hebu nipishe."

Akampamba yule Tulsi kama wanavyopambwa wari wa Unguja. Alifunga vikuba kwenye kila kijiti, akivuta uzi kwa meno, akazungusha koja la asumini shingoni, kama debe lina shingo. Mama akaleta bangili za kioo, akazitundika kwenye matawi. Jirani akasimama nyuma, akakunja uso, akabadilisha kikuba kimoja.

"Tulia, mwari," akaliambia debe. "Usijitingishe."

Kuhani alifika, kwa bahati, akakuta kila kitu kimefunikwa shela nyekundu, hakuuliza. Jua lilipotua tukasikia ngoma ya bwana harusi inaingia mtaani. Ikanyamaza ghafla, maana adhana ilianza. Wakangoja kichochoroni kimya, na adhana ilipokwisha ngoma ikaendelea ilipokatikia. Wakaingia uani kwetu. Krishna wa fedha alikuwa juu ya sinia, chini ya mwavuli mdogo. Nyuma yake alikuja mke wa sonara, amevaa duka lao zima.

Wanawake wa upande wake wakaanza nyimbo za kutukejeli, kama inavyopaswa. "Baba mtu muuza vitambaa, binti kampimia chakula kwa futi!" Wa upande wetu wakajibu, "Bwana harusi mfupi hana farasi, kaja amepanda sinia!" Jirani, aliyesimama kwenye mlango wake wa ua asiingie katika mambo ya kuhani, akapiga kigelegele hata bwana harusi akatikisika.

Mke wa sonara akasogea. Nikamwona mama amekamata ncha ya sari yake kwa mikono miwili. Shela ikafunuliwa.

"Loo!" akasema mke wa sonara, Kigujarati kikamponyoka akaingia kwenye Kiswahili, ambacho kina nafasi zaidi kwa mambo kama haya. "Mmemfanya nini huyu? Bi harusi wenu kawa Mswahili!"

Mama akanyoosha shingo.

"Kazaliwa Unguja," akasema. "Maji anayokunywa ya Unguja. Ulitaka afanane na nani?"

Mke wa sonara akainama, akachungulia. Sijui aliona vijiti au hakuviona. Alikuwa mwanamke mwenye macho ya kuona kasoro ndani ya pete, kwa hiyo naamini aliviona. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Ananukia," akasema.

"Chako hiki, mkwe!" jirani akaita kutoka mlangoni, na kikuba kikapita mkono kwa mkono hadi kwake. Mke wa sonara akakigeuza, akakinusa, akakichomeka nyweleni, akamgeukia kuhani. "Unangoja nini? Endelea."

Ilipofika saa ya kumtoa binti, baba na mama walishika chombo kimoja wamimine maji. Mkono wa baba ulianza kukiinamisha mapema. Mama akaweka wake juu yake, na mimi nikaona ni mapenzi, mpaka nilipomsikia akinong'ona, "Usimwage na hayo."

Kisha bwana harusi akaondoka. Bi harusi hakwenda naye, maana debe lilikuwa zito na mume mwenyewe angetosha katika kiganja. Hata hivyo mama aliwasindikiza mpaka mlango wa mtaani, akashika nguzo, akalia. Alilia vizuri, bila haraka, kama mtu anayekula chakula alichokisubiri sana. Jirani akaja kusimama ubavuni pake, naye akalia.

"Wewe unalia nini, shoga?" mama akamwuliza kupitia machozi.

"Mazoea."

Wakafutana nyuso kwa kanga moja. Mama akamletea sahani yake ya halua, ile iliyotengwa mapema, na jirani akaila pale pale mlangoni, akiwa anachelewa kwenda Jang'ombe.

"Basi," mama akasema, akishusha pumzi. "Binti nshamwoza."

Jirani akalamba kidole, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, mimi na shahada yangu, bado na vumbi la miwa begani.

"Bado huyu," akasema. "Lakini huyu, shoga, hata nikimpamba vipi..."

Mama akamtetea mwanawe, kama inavyompasa mama. "Atachipua," akasema. "Baada ya wiki chache."